Mashine ya Les Paul haikuwa na kurudi nyuma

Kwa mliokosa kuja Jumamosi, hii ndo hotuba yote kama nilivyoitoa kwa maprodyuza na wapiga magitaa. Picha nimezitoa, maneno nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Wakubwa wangu shikamooni, vijana wenzangu mambo vipi. Naona kuna watu wamesimama kule nyuma, jamani viti vipo huku mbele, njooni, mimi siumi.

Niwaulize swali kwanza. Nani hapa ana studio chumbani kwake? Nyoosheni mikono. Eeh, karibu ukumbi mzima. Haya, na nani hapa ameshawahi kufungua projekti ikawa na traki, yaani njia za sauti kila moja peke yake, zaidi ya 50? Bado mikono mingi. Sasa la mwisho: nani, kabla hajabonyeza kitufe cha kurekodi, alikuwa anaujua wimbo wake mwanzo mpaka mwisho, anajua gitaa la pili linaingia wapi, sauti ya tatu inakaa juu au chini, nini kisikike sana na nini kijifiche? Mikono imeshuka. Sawa, basi leo tutakaa hapohapo kwenye hiyo mikono iliyoshuka.

Nimekuja kumwongelea Les Paul. Najua wengi hilo jina mnalijua pale kwenye kichwa cha gitaa la Gibson, lile zito linalokula bega, na kuna wengine wanadhani ni jina la modeli tu. Ni mtu. Alizaliwa 1915 anaitwa Lester Polsfuss, mji wa Waukesha jimbo la Wisconsin huko Marekani, akafariki 2009 ana miaka 94, na mpaka uzeeni kabisa vidole vimeshapinda kwa ugonjwa wa viungo alikuwa bado anapiga gitaa kila Jumatatu usiku klabuni New York. Lakini gitaa lake leo tunaliacha, wenye hotuba za gitaa wapo. Mimi nataka kuwapeleka gerejini kwake.

Miaka ya 40 jamaa yuko Hollywood, anapiga na wakubwa. 1945 amerekodi na Bing Crosby ule wimbo It's Been a Long, Long Time ukashika namba moja, na Bing Crosby wa wakati ule sio msanii wa kawaida, ni redio, ni sinema, ni kila kitu. Sasa Crosby ndo alikuwa anamsukuma bwana we jenga studio yako mwenyewe. Akajenga nyuma ya nyumba, kwenye gereji, mtaa wa Curson.

Kwanini gereji? Muelewe studio za wakati ule zilikuwaje. Studio ni ya kampuni. Muda ni wa kampuni. Mashine inaguswa na fundi wa kampuni, we mwanamuziki kazi yako ni kusimama pale unapoambiwa usimame, upige, utoke. Wazee wetu waliorekodi RTD, ile Radio Tanzania Dar es Salaam, mnaelewa ninachosema, bendi nzima inaingia, mnapiga pamoja, tarumbeta akikosea mwishoni mnaanza wote upya. Katika utaratibu huo nani atakupa wiki nzima ujaribu kitu ambacho hata we mwenyewe hujui kama kitatoka? Hakuna. Gereji ilimpa Les Paul kitu ambacho pesa ya kampuni haikuwa inakinunua: muda wa kuharibu. Sikilizeni hapo tena. Muda wa kuharibu.

Na kuna kisa alikuwa anapenda kukisimulia mwenyewe. Mama yake alimwambia nimekusikia redioni juzi, umepiga vizuri. Akamjibu mama mbona sikuwa mimi. Mama akasema basi kama sio wewe ni mtu anayepiga kama wewe, fanya kitu mwanangu. Hebu fikiria, mama mzazi aliyekuzaa, anashindwa kutofautisha gitaa lako na la mwingine! Ndo jamaa akarudi kujifungia gerejini, na hakutoka na mtindo mpya wa vidole tu, alitoka na mlio ambao hakuna mtu redioni alikuwa nao.

Sasa vifaa. Hapa ndo nawaomba mzime simu kidogo.

Wakati huo tepu bado haijaingia kwa watu wa kawaida, kurekodi maana yake ni kuchonga. Una diski laini imepakwa laka, inazunguka, sindano inachonga mfereji, na mfereji ndo sauti. Mashine ya kuchongea ni ghali na inabidi izunguke sawasawa bila kuyumba, ikiyumba sauti nayo inayumba. Les Paul akatengeneza yake. Ile sahani nzito ya kuzungukia akachukua flaiwili ya gari la Cadillac, lile gurudumu zito la kwenye injini, maana flaiwili ni nzito na imeshabalansiwa kiwandani, na mkanda wa kuizungushia akatumia mkanda wa mashine ya daktari wa meno. Msicheke, hiyo ndo studio. Mafundi wetu wa mtaani wangeelewana nae dakika mbili tu.

Anafanyaje sasa? Anapiga gitaa la kwanza, anachonga kwenye diski ya kwanza. Halafu anaichezesha ile diski, huku anapiga gitaa la pili juu yake, na vyote viwili vinaenda kuchongwa kwenye diski ya pili. Kisha diski ya pili inachezeshwa, anaongeza gitaa la tatu, vyote vinaenda kwenye diski nyingine. Hivyohivyo. Akikosea ile diski imekufa, diski hairudiwi, anachukua nyingine. Hivyo ndo ulitoka wimbo wa Lover, kampuni ya rekodi ya Capitol wakautoa 1948, ndani yake kuna sehemu 8, zote gitaa la umeme, zote mtu mmoja.

Na kuna sehemu humo gitaa linakimbia kama limepagawa, vidole vya binadamu haviendi hivyo. Siri yake? Alikuwa anarekodi mashine ikiwa imepunguzwa spidi hadi nusu, halafu anachezesha kwa spidi ya kawaida, kwahiyo kila noti inapanda oktavu nzima na inakimbia mara mbili. Leo ukibonyeza pichi kwenye programu yako ujue kuna mzee alifanya hivyo kwa mkono.

Najua kuna mjuaji mmoja hapa atanyoosha mkono aniambie Les Paul hakuwa wa kwanza. Kweli kabisa. Sidney Bechet, mpiga saksafoni na klarineti, 1941 alishajirekodi akipiga vyombo vingi peke yake juu kwa juu. Mimi sijaja kugawa vikombe. Bechet alifanya kama jaribio kisha akaendelea na maisha, Les Paul alifanya ndo ikawa kazi yake ya kila siku, na hiyo ndo tofauti ninayoiona mimi.

Hapo katikati niguse haraka tu: Januari 1948 alipata ajali ya gari Oklahoma, barabara ina barafu, gari likatoka njiani, kiwiko cha mkono wa kulia kikasagika. Ilibidi madaktari waufunge mkono ubaki umekunja moja kwa moja, usinyooke tena. Akawaambia basi ufungeni kwenye pembe ya kushikia gitaa. Wakaufunga hivyo, na akaishi nao hivyo hadi kufa. Waliokuwa wanalalamika kwamba interfesi yao, kile kidude cha kuunganisha maiki na kompyuta, ina kelele, naomba mkae kimya kwa dakika moja kumheshimu huyu mtu. Haya tuendelee.

Sasa inakuja tepu. Vita vya pili vikiisha, mwanajeshi fundi wa Marekani anaitwa Jack Mullin akakuta Ujerumani kuna mashine za Magnetophon, zinarekodi kwenye utepe wa sumaku na sauti ni safi kuliko diski. Akabeba vipande vyake hadi nyumbani, akaziunda upya, 1946 akazionyesha San Francisco. Bing Crosby akaona hapa nimepona, maana alikuwa amechoka kupiga shoo za redio laivu, anataka arekodi kabisa akacheze gofu. Sio utani, kupenda gofu kumechangia teknolojia tunayotumia. Akaweka dola 50,000 kwenye kampuni ndogo ya California inaitwa Ampex ili watengeneze mashine zao. Na 1949 akampelekea rafiki yake Les Paul mashine moja.

Wangapi hapa mmekua na redio kaseti? Mnakumbuka kusafisha hedi kwa pamba na spiriti? Basi hedi, kile kichuma kinachogusa tepu, ndo habari yenyewe. Mashine ya Ampex ilikuwa na hedi tatu zimejipanga: tepu inapita kwanza kwenye hedi ya kufuta, halafu ya kurekodi, halafu ya kusomea. Les Paul akaiangalia ile mashine, akawaza, je nikiongeza hedi ya nne, ya kusomea, nikaiweka mwanzo kabisa kabla ya ile ya kufuta?

Mmeona alichofanya? Fuatilieni hii tepu inavyopita. Ina gitaa la kwanza. Inafika kwenye hedi ya nyongeza, gitaa linasomwa, yeye analisikia kwenye hedfoni. Nukta ileile anapiga gitaa la pili. Lile la zamani lililosomwa linachanganywa na jipya, tepu inapita hedi ya kufuta, cha zamani kinafutika, inafika hedi ya kurekodi, mchanganyiko mzima unaandikwa palepale. Mashine moja. Tepu moja. Hahitaji mashine ya pili. Studio nzima inaingia kwenye buti la gari, na ndo maana yeye na mkewe waliweza kurekodi hotelini wakiwa safarini, miaka ya 50 hiyo, wakati wenzao wanapanga foleni studio za kampuni.

Raha, si ndio? Haya, sasa niambieni ubaya wake uko wapi. ... Huyo dada wa kofia kasema. Hakuna kurudi nyuma! Cha zamani kimeshafutwa. Ukiwa umeshaweka magitaa sita na sauti tano, unaongeza ya sita, ukakohoa, simu ikalia, mbwa wa jirani akabweka, sio hiyo sauti ya sita iliyoharibika, ni kila kitu tangu asubuhi. Hamna undo. Hamna kusevu. Hamna toleo la jana. Unaanza na gitaa la kwanza.

Na kuna la pili baya zaidi na ndo hili hasa lililonifanya nikubali kuja kusimama hapa. Kila unaponakili tepu, sauti inachakaa kidogo. Ile shhhh inaongezeka, ung'aavu unapungua. Kwahiyo kitu ulichorekodi kwanza kitanakiliwa mara nyingi, mwisho wa siku kitakuwa kimefifia, na ulichorekodi mwisho ndo kinabaki kisafi. Sasa we ungeanza na nini? Sisi wote hapa tungeanza na kitu kikubwa, vokali au biti. Les Paul alikuwa anaanza na kile kisicho na umuhimu. Vile vya nyuma vya kujaza, vya kuzama, vinatangulia. Sauti kubwa ya kuongoza na gitaa la solo vinaingia mwisho kabisa.

Mnaona hiyo inataka nini kwa mtu? Inataka uwe umeshaumaliza wimbo kichwani kabla tepu haijaanza kuzunguka. Unapiga sauti ya tatu ya kwaya wakati sauti ya kwanza haipo, unamsindikiza mtu ambaye hajafika. Na usawa wa sauti unaupanga hapohapo, ukiweka gitaa juu sana hushushi tena kesho, limeshagandana na wenzake. Hakuna kumiksi baadae! Kumiksi ndo kurekodi kwenyewe.

Na hapa lazima nimtaje mtu ambaye watu wa vifaa huwa wanamsahau, na mimi huwa nakasirika. Mary Ford. Jina lake la kuzaliwa Iris Colleen Summers, mwimbaji na mpiga gitaa, alikuwa anaimba nyimbo za kantri, wakafunga ndoa Desemba 1949. Zile sauti zote za kwaya mnazosikia ni yeye. Mwanamke mmoja, anajiimbia sauti ya pili, ya tatu, ya nne, pumzi inakata palepale, herufi ya mwisho inafungwa palepale, bila kifaa cha kunyoosha sauti, huku anajua akipotea nusu noti tu kazi ya siku nzima inafutika. Mashine ya Les Paul bila koo la Mary Ford ingebaki chuma tu. Mimi naamini hivyo, anayebisha tukutane kwenye chai.

Halafu Les Paul alimwimbisha Mary mdomo karibu kabisa na maiki, wakati taratibu za studio kubwa zilikuwa mwimbaji asimame mbali kidogo na maiki. Ukikaa karibu chumba hakisikiki, na chumba chao kilikuwa cha nyumbani, hakina kuta za studio. Sauti ikatoka kama mtu anakunong'oneza sikioni. Leo wote mnaimba hivyo, nyie mmelala kitandani maiki iko puani.

1951 wakatoa How High the Moon. Wameurekodi nyumbani New York, mtaa wa Jackson Heights kule Queens. Wiki 9 namba moja Marekani. Narudia, wiki 9, wimbo uliotengenezwa nyumbani, na watu wawili, kwa mashine moja yenye traki moja. 1953 wakaja na Vaya con Dios, wiki 11.

Sasa tatizo likawa jukwaani. Watu wamesikia redioni kwaya nzima na magitaa kibao, wanakata tiketi, wanakuta watu wawili. Wangefanyaje? Mnajua sisi hapa tungefanyaje, tungepiga pleibeki. Wao walimficha ndugu yake Mary nyuma ya pazia na maiki, Mary akiimba yule nae anaimba sauti ya pili, ukumbi unashangaa inatokea wapi. Yaani ni pleibeki lakini ya mtu hai! Mimi hii habari nikiisoma huwa nacheka peke yangu kwenye daladala.

Sasa tufike kwenye mashine kubwa. Les Paul akachoka na hatari. 1953 akapata wazo: kwanini hedi moja ichukue upana wote wa tepu? Tukipanga hedi 8 ndogo moja juu ya nyingine, kila moja na njia yake, si kila sauti itakaa peke yake, ukikosea moja unarudia hiyohiyo moja? Akaenda kwa Ampex. Kulikuwa na kizuizi kimoja: hedi ya kusomea imekaa mbele kidogo ya hedi ya kurekodi, kwahiyo ukisikiliza traki ya kwanza kupitia hedi ya kusomea huku unarekodi ya pili, sauti mbili zinapishana, moja imechelewa. Dawa waliyoipata Ampex wakaiita Sel-Sync, yaani ileile hedi ya kurekodi unaigeuza kwa muda iwe ya kusomea kwa zile traki unazotaka kuzisikia. Mnaposikiliza biti na kuingiza vokali juu yake bila kupishana, wazo limeanzia hapo.

Mashine ikamfikia 1957. Traki 8, tepu ya upana wa inchi moja, bei dola 10,000 za wakati ule. Wakaipa jina Octopus, yaani pweza, kwa ajili ya zile traki zake 8, kama mikono ya pweza. Na mikseri yake ikajengwa na injinia wa Estonia anaitwa Rein Narma, hiyo nayo wakaiita Monster. Mwaka unaofuata kampuni ya rekodi ya Atlantic nao wakawa na yao, fundi wao Tom Dowd anairekodia. Lakini kampuni nyingi zilichelewa sana, bendi ya Beatles 1967 walikuwa bado wanarekodi albamu yao ya Sgt. Pepper kwa traki 4, miaka 10 baada ya Octopus kuingia nyumbani kwa mtu mmoja New Jersey.

Sasa tulieni hapa. Kwa Octopus mzee alikuwa na kila kitu. Traki 8, uhuru wa kukosea, studio nyumbani Mahwah hukohuko New Jersey, hakuna wa kumfukuza. Je zile namba moja zake zilitoka kwenye mashine hii?

Hata moja. How High the Moon, Vaya con Dios, zote zimetoka kwenye ile mashine ya hatari. Octopus ilivyofika, rokenroli ilikuwa imeshabeba wasikilizaji wote, hiti kubwa zimekata, na ndoa nayo ikavunjika 1964. Sitaki mniweke maneno mdomoni. Sisemi traki 8 ndo zilimwangusha, muziki unabadilika na hilo halina mchawi, na bila traki 8 mimi na nyie tusingekuwa na kazi. Ila ninachosema ni kwamba zile nyimbo ambazo hadi leo ukizipiga watu wanageuka, zilitengenezwa na mtu aliyelazimishwa kuamua. Aamue kwanza, aamue kabisa, halafu aishi na uamuzi wake hadi mwisho wa wimbo.

Sisi tunaahirisha. Vokali tunarekodi mara 40 tutachagua baadae. Magitaa tunaweka mawili ya akiba tutaona kwenye miksi. Kwenye miksi tunasema tutaona kwenye mastaringi, ile hatua ya mwisho ya kusawazisha wimbo. Baadae ya nani sasa? Nimeletewa projekti nyingi sana za kumiksi na ninyi humu ndani, siwataji, zina traki 90 na hakuna hata moja iliyoamuliwa, mnataka mimi ndo niamue wimbo wenu uwe nini, halafu bei mnataka ya traki 9.

Kwahiyo kesho hatuongei, kesho tunafanya. Laptopu mtaziacha nyumbani, sitaki kuiona hata moja. Kila mtu aje na simu mbili, azime moja kwa jirani kama hana, na spika ndogo ya kuchomeka kwa waya, ile ya blututhi hapana maana inachelewesha sauti mtapishana. Tutafanya kama gerejini: simu ya kwanza inarekodi, unaichezesha kwenye spika, unapiga au unaimba juu yake, simu ya pili inadaka vyote. Halafu unageuza. Mizunguko sita, na ukishageuza unafuta ile rekodi ya zamani mbele yangu, nitasimama hapo nione umeifuta. Mkikosea mzunguko wa tano mnaanza wa kwanza na hakuna kulia.

Kila kundi watu wanne, wimbo mnauchagua leo usiku, na asubuhi kabla ya kugusa simu nitawaomba mniimbie kwa mdomo nini kinaanza na nini kinamalizia. Tunaanza saa tatu kamili. Atakayechelewa ndo atapewa sauti ya kwanza, ile itakayozama.